Tangazo la Kiatu Kimoja cha Kushoto

Kabla sijamtaja mkubwa yeyote kwa cheo chake, nina tangazo rasmi, na naomba lipokewe kwa utulivu linaostahili. Kimepatikana kiatu. Ni kiatu kimoja, cha mguu wa kushoto, cheusi, safi, soli yake nzima. Kimehifadhiwa chini ya meza hii, kimefunikwa kwa leso, na hali yake ni njema. Mwenyewe atakabidhiwa nitakapomaliza kuzungumza. Hadi wakati huo, kwa heshima na taadhima, naomba asiinuke mtu, na hasa asigeuke mtu kutazama kule tulikoingilia.

Baada ya tangazo hilo: Mheshimiwa Mangi, Mwakilishi wa Wadi yetu, Bi Nadhira, Mkaguzi wa Mazingira, ambaye umekaa na kalamu mkononi tangu saa tatu na bado hujaitoa kifuniko, Ustadhi, uliyetuombea dua ndefu kuliko nilivyopanga, na leo nimejua ya kwamba urefu wa dua nao una matokeo yake, Mwenyekiti wetu, Bi Twaiba, Mzee Kibwana, jirani yetu wa ua kwa ua na mlalamishi wetu wa kwanza, ndugu wageni waalikwa, na ndugu ambao hamkualikwa lakini harufu ya pilau imewafikia huko barabarani: Assalaamu aleikum. Wakubwa wangu, shikamooni.

Kwa wasionijua, mimi ni Swabir, fundi wa pancha wa Ukunda, na ni katibu wa kikundi hiki kwa sababu moja tu: siku ya uchaguzi kalamu yangu ndiyo iliyokuwa ikiandika. Sikusoma sana. Ninayoyajua nimeyajua kwa kukaa kando ya barabara na kutazama watu wanavyoshuka magarini wakiwa na hasira. Mmeniona nimesimama mbele yenu miguu mitupu, na nimemsikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Tazama unyenyekevu wa kijana huyu." Sifa hiyo naomba mniwekee kwanza. Tutairudia. Na mkisikia sauti inatetemeka, msimlaumu mwenye maiki. Maiki ni nzima. Mimi ndiye nisiyekuwa mzima tangu saa nne na dakika arobaini.

Tumekusanyika hapa Bongwe kufungua karakana ya kusaga mpira uliochakaa. Lakini wote tunajua ya kwamba utepe aliokata Mheshimiwa pale langoni ulikuwa utepe tu. Kinachofungua karakana hii ni sahihi ya Bi Nadhira. Akisaini, kesho tunaanza kazi. Asiposaini, Jumatatu tangi letu la baridi linarudi Mombasa kwa feri, mashine ya kusagia inarudi Kinango, mwendeshaji wake Ziro anairudia njia aliyokuja nayo, na Bi Twaiba anarudi kuosha sufuria za watu. Hilo ndilo lililotuleta, na kila nitakalosema leo, hata litakalowashangaza, mlipime kwa mizani hiyo.

Sasa, jambo lenyewe lilianzaje? Miaka minne iliyopita Bi Twaiba alikuwa akiosha vyombo katika jiko la hoteli moja ya Diani. Mpishi wao alikuwa na mchezo wake wa kuwafurahisha wageni: anawatengenezea aiskrimu mbele ya macho yao kwa kumimina kitu kinachofuka moshi mweupe. Kitu chenyewe ni naitrojeni, sehemu kubwa ya hewa hii hii tunayoivuta, iliyobanwa na kupozwa mpaka ikawa maji. Baridi yake ni digrii mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Mimi namba hiyo niliiandika ukutani mwa kibanda changu, na wateja wakadhani ni namba ya mganga.

Siku moja glavu ya mpira ya Bi Twaiba ikatumbukia ndani ya bakuli hilo. Akaitoa kwa koleo, ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Haikudunda. Ilivunjika. Ilivunjika kama bilauri, kwa sauti ya bilauri, na mpishi akamfokea kama aliyevunja bilauri. Wengine wangefagia wakanyamaza. Yeye alivifunga vipande kwenye pembe ya leso akaniletea.

"Swabir, umewahi kuona mpira uliovunjika?"

"Mpira hata kwa msumeno unanisumbua, utavunjikaje? Umechoka wewe. Nenda kalale."

"Basi hivi ni nini?"

Nikachukua kipande nikakiuma. Kilikuwa kimeshapata joto na kurudia ulaini wake. Kilikuwa mpira. Nilikigeuza na kukiuma tena muda mrefu kiasi kwamba mteja mmoja alichoka kungoja akaondoka na pancha yake.

Nawauliza, ndugu zangu, mpira wa pwani hii ulikuwa ukienda wapi? Nyuma ya kibanda changu kulikuwa na kilima cha tairi na tyubu ambamo mbu walizaana kwa raha kuliko sisi. Kuanzia Diani mpaka Msambweni, kila asubuhi bahari inatapika champali, kandambili za mpira, na katika miaka yangu yote sijawahi kuiona ikileta pea. Zinakuja moja moja, ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake, kama watu waliopeana talaka. Zote zilikuwa zikichomwa. Nani hapa hakuukohoa ule moshi mweusi? Mzee Kibwana, wewe uliukohoa ukauzoea, na hukuandika barua. Barua uliiandika moshi ulipokuwa mweupe.

Msicheke, mzee alikuwa na haki. Aliamka akaona kitu cheupe kinatambaa chini ya ua wake, kinawazunguka kuku. Angefanyaje? Alikuja hapa na bakora, siku zetu za kwanza za kuugandisha mpira kwa baridi ile na kuusaga.

"Nyinyi! Moshi huu hauna moto. Hauna harufu. Mmechoma nini?"

Bi Twaiba akamjibu, "Shikamoo, mzee. Hatujachoma kitu, tumepoza. Friji ikifunguliwa si hutoa moshi kama huu? Mbona huishtaki?"

"Mimi sina friji."

"Basi karibu uione yetu."

"Na kuku wangu hawatagi!"

"Tangu lini?"

Mzee akafikiri, maana ni mtu mkweli. "Tangu Ramadhani ya mwaka juzi," akasema. Sisi tulikuwa na wiki mbili tu hapa.

Lakini barua ilikuwa imeshakwenda, na Bi Nadhira akaja. Nataka mjue alivyokuja, kwa sababu sifa nitakayompa sasa si ya kumlainisha. Mpaka nimalize mtaona ya kwamba kumlainisha hakutanifaa kitu. Alikuja peke yake, akazunguka banda hili mara tatu, akauliza kwa nini halina kuta. Nikamweleza: baridi hii ikifuka mahali palipofungwa inaifukuza hewa ya kuvuta, mtu analala usingizi usio na kuamka, kwa hiyo tumeacha upepo uwe msimamizi wetu. Akaandika. Kisha akaitazama mashine.

"Kitu kikishaingia humu kinatoka kikiwaje?"

"Unga, Bi Nadhira. Laini kama unga wa mhogo."

"Na unga huo, mtu anaweza kujua ulikuwa nini?"

Nikajibu kwa majivuno, "Hata aliyeutengeneza hawezi."

Akafunga daftari lake. "Hapo ndipo ninapoogopa," akasema. "Mashine isiyoacha ushahidi. Kesho mtaletewa tairi zinazokinga mashua zisigonge gati ya Shimoni, keshokutwa tairi ya gari la mtu. Nitasaini siku nitakayohakikisha ya kwamba kinachoingia humu ni taka, na ni taka tu, na mwenyewe amekitoa kwa hiari yake."

Ndugu wageni, neno hilo nililichukua kama amri ya vita. Usiku na mchana nikatunga sheria, na sheria yangu ilikuwa nzuri, naomba niisifu kwa mara ya mwisho. Sheria ya mkeka. Nilitandika mkeka wa kijani pale tunapoingilia, nikauwekea kibao: ACHA HAPA KILICHOCHAKAA. Mtu atakuja na kitu chake, atakiweka kwenye mkeka kwa mkono wake mwenyewe, ataondoka. Kilicho kwenye mkeka kinasagwa. Kilicho nje ya mkeka, hata kwa upana wa kiganja, hakiguswi. Wiki tatu za majaribio tumeenda hivyo, na halikutokea tatizo hata moja.

Mwenye kuitekeleza sheria ni Ziro. Yule pale, aliyekaa karibu na mashine na kichwa amekiinamisha. Msimwangalie sana. Mashine hii ilikuwa ikisaga mahindi Kinango, ukame ukaja mwaka wa tatu mfululizo, mahindi yakaisha, ikabaki inasaga vumbi. Tulipokwenda kuichukua, Ziro aliyeiendesha miaka kumi na miwili hakukubali iondoke peke yake, akapanda juu ya lori pamoja nayo. Ni mtu mwangalifu. Mwanzoni alikuwa akiniuliza kila kitu. "Katibu, champali hii bado ina maisha?" "Katibu, tyubu hii nani kaileta?" Mara kumi kwa siku. Mpaka juzi nikamkemea: "Ziro, kilicho kwenye mkeka, mimina. Usiniulize tena."

Maneno hayo ni yangu. Ziro hakuyatunga.

Sasa leo. Leo mlifika, mkasimama langoni, utepe ukakatwa, mkaingia. Na ndani mkaona nini? Mikeka imetandikwa kwa ajili ya dua. Mwislamu, au hata asiyekuwa Mwislamu aliyelelewa Kwale, akiona mikeka imetandikwa afanye nini? Atafanya alilofundishwa na mama yake kabla hajajua kusema. Mtu hakuhitaji kuambiwa. Mlivua. Mlivua viatu kwa adabu, mkavipanga viwili viwili pembeni, mkakaa na migongo yenu imeelekea kule mlikoingilia, nyuso zimeelekea huku.

Mheshimiwa, nakuona unatazama miguu yako. Vumilia kidogo.

Kibao changu hamkukiona, kwa sababu asubuhi nilitundika bango la KARIBUNI WAGENI WETU, na sikupata pengine pa kulitundika ila juu ya kibao. Mkeka wa kijani mkauona ni mkeka kama mikeka mingine, tena umewekwa mahali panapofaa kuachia viatu. Na kwenye ratiba niliyoiandika mimi, saa nne na dakika ishirini, wakati wa dua na utambulisho, kuna mstari unaosema: Ziro aandae mpira wa maonyesho.

Tafadhali, mama, usigeuke. Hakuna cha kuona kule. Hilo ndilo tatizo lenyewe.

Ziro alinijia wakati naita majina ya wageni. Alininong'oneza sikioni, na maneno yake nitayasikia mpaka nizikwe. Alisema, "Katibu, leo watu wametoa kwa moyo. Lakini vingine bado vina joto la miguu."

Mimi nilikuwa nimefika kwenye jina la Mheshimiwa, natafuta cheo chake nisikikosee. Nikafunika maiki kwa mkono, nikamwambia, "Ziro, fanya kazi."

Akaifanya. Alivitia kwenye sanduku la baridi, na nyinyi mkauona ule moshi mweupe ukimwagika, mkasema masha'Allah. Akavitoa, vimekuwa kama vyombo vya kaure, akavimimina kwenye mashine, nyundo zikagonga, na hata wewe, Mzee Kibwana, ulipiga makofi. Unga ukatoka. Mheshimiwa akainuka, akauchota kiganjani, akausugua kwa vidole, akasema, "Huu ni mpira wa hali ya juu. Mmeupata wapi?"

Na mimi, nisiyejua lolote, nikajibu kwa sauti ili magazeti yasikie, "Kwa wananchi wako, Mheshimiwa!"

Makofi yakapigwa. Ndugu zangu, makofi yale yananiuma mpaka sasa.

Kwenye mdomo wa mashine kuna sumaku inayonasa misumari na nyaya. Mlipokuwa mnarudi kukaa nilikwenda kuisafisha, ni desturi yangu. Sikukuta msumari. Nilikuta bizimu, vile vifungo vya chuma vya viatu, kumi na moja, na mojawapo ni ya rangi ya dhahabu, yenye herufi ambayo nilikuwa nimeitazama kwa husuda pale langoni Mheshimiwa aliposhuka garini. Nikageuka kuutazama mkeka. Mlikuwa wageni arobaini na mmoja. Pale mkekani palikuwa patupu kama uwanja baada ya mechi. Nikavua vyangu, na huo ndio unyenyekevu mliousifu.

Ustadhi, nimekusikia ukisema innalillahi, na mahali pake ni hapo hapo. Najua umezoea champali kupotea mlangoni mwa msikiti, lakini si kwa wingi huu. Mheshimiwa, nakusihi, keti. Nakubali, vile havikuwa champali. Mzee Kibwana, nakuona unacheka, na mimi ningekuwa wewe ningecheka, lakini mzee, na vyako vimo.

Bi Twaiba hakujua. Wanakikundi wote waliingia kwa nyuma na mabuti ya kazi, na mtazameni usoni, mkiweza kumtazama. Amelisikia jambo hili sasa hivi, pamoja nanyi. Twaiba dada yangu, glavu iliyovunjika uliibeba miaka minne, na mimi nimeimaliza kazi yako kwa bango la kukaribisha wageni. Sikukuita pembeni kukwambia kwa sababu ningekuona unalia, nami nisingeweza kupanda hapa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mzigo. Ratiba niliiandika mimi. Ratiba inasema: hotuba ya katibu, kisha sahihi ya Bi Nadhira, kisha wageni wanainuka kwenda kula. Mnaona ilivyokaa? Sahihi kwanza, kuinuka baadaye. Niliposimama kwenye maiki, kwa muda wa kama pumzi tatu, nilijua ya kwamba nikisema vizuri, nikisifu vizuri, kalamu itafunguliwa, karatasi itatiwa sahihi, na hapo ndipo mtakapogeuka kutafuta viatu. Wino ungekuwa umeshakauka. Na ningekuwa na la kusema pia! Ningesema: kila mmoja wenu alivua kwa mkono wake, akaweka kwenye mkeka kwa hiari yake, sawasawa na sheria. Hata mwanasheria wa Mombasa angeipenda hoja hiyo.

Sitaisema. Sheria haikuwekwa ili mtu mwerevu apite katikati yake. Bi Nadhira aliogopa mashine isiyoacha ushahidi, na leo mashine hiyo imekula mali ya watu mbele ya macho yake, nasi tukaipigia makofi. Kwa hiyo, Bi Nadhira, nakutangazia kabla hujatia sahihi: kilichoingia leo hakikuwa taka. Kosa ni la aliyetundika bango, akaandika ratiba, akakataza maswali. Ukifunga karakana, funga ukijua ya kwamba Ziro aliuliza. Katika watu wote tuliokuwa humu, mwenye masikio na asiye nayo, Ziro peke yake ndiye aliyehisi joto.

Na kama kuna jambo moja la kusema kwa ajili yake, ni kile kiatu. Kilikuwa kimeteleza nje ya mkeka kwa upana wa kiganja. Cha pili kimo kwenye mkeka, chenyewe kipo nje. Mtu yeyote angekiokota akakiunganisha na cha pili, maana kiatu kimoja kina faida gani? Ziro hakukigusa. Alikiacha hapo hapo kilipo, kwa sababu hakikuwa ndani.

Kuhusu safari ya kurudi magarini: mchanga wa Bongwe saa sita hautembeleki, nami nalijua hilo. Nimepiga simu duka moja la Ukunda, zinaletwa champali, pea arobaini na moja. Zote ni za buluu, na saizi ziko mbili tu, kwa hiyo nawaomba msiwe wagumu. Unga wenu umo kwenye gunia lile, nimeandika juu yake LEO, hautachanganywa na mwingine. Ruhusa ikipatikana, utakuwa sakafu ya uwanja wa shule moja kule Msambweni, ambako watoto wakianguka wanaangukia mawe. Wataanguka juu ya viatu vya Mheshimiwa, na vya Ustadhi, na vya Mzee Kibwana. Ruhusa isipopatikana, kila mtu atapimiwa unga wake achukue nyumbani, ingawa sijui nitajuaje upi ni wa nani.

Mheshimiwa, ndugu wageni, namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hamkuinuka, nawashukuru wapishi, namshukuru Ziro. Masikio mliyonipa nayarudisha salama, ni kitu pekee nilichokipokea kwenu leo ambacho naweza kukirudisha. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa.

Kiatu kilicho chini ya meza ni chako, Bi Nadhira. Cha kulia kimo kwenye gunia.